Sura ya Saba: Sabuni Ndani ya Sanduku la Kanda

"Kibii angekuwa ameshamaliza hii kesi."

Hivyo ndivyo Inspekta Jepleting alivyoamkiwa na mkubwa wake asubuhi ya Jumatano, kabla hata ya kuulizwa amelalaje. Kibii! Kijana wa juzi tu, ametoka kozi ya kompyuta Nairobi, cheti amekitia fremu na kukitundika juu ya meza yake, na sasa kila kitu kikiharibika kituoni Nakuru ni Kibii, Kibii. Hata mbuzi akiibwa Njoro, aitwe Kibii. Jepleting alimwonea wivu, na kama ungemuuliza angekwambia hivyo hivyo bila kupepesa macho. Miaka yote ile ya kuamka alfajiri, halafu mtoto anakuja na laptop!

"Nipe mpaka jioni," alisema.

"Jioni ya leo. Kanda zisipopatikana, kesho Jamleck anaenda kortini kwa kuchoma ofisi, na faili namkabidhi Kibii."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumapili, moto uliteketeza chumba cha kompyuta cha Malisho Dairy, kampuni ya maziwa iliyo upande wa viwandani. Fundi wa umeme alisema ni waya wa mashine ya kupoza hewa ulioshika moto. Sawa. Lakini ndani ya chumba kile mlikuwa na kumbukumbu zote za wafugaji, kutoka Bahati mpaka Molo: nani ni mwanachama, nani alileta maziwa kiasi gani, ng'ombe gani alipandishwa kwa mbegu ya fahali yupi. Meneja, Bwana Ngigi, hakushtuka sana. Si kulikuwa na bekapu? Kila Ijumaa kumbukumbu zote hunakiliwa kwenye kanda mbili, zikafungiwa ndani ya sanduku la chuma, na Jamleck, msimamizi wa kompyuta, akazipeleka kuhifadhiwa Gilgil, mbali na ofisi, ili moto ukija usile vyote pamoja.

Jumanne sanduku likarudishwa Nakuru, likakatwa sili mbele ya wakuu wote. Ndani, badala ya kanda, palikuwa na vipande viwili vya sabuni ya kufulia.

Ngigi alikaa chini. Kisha akasimama, akamnyooshea kidole Jamleck, akasema wewe ndiwe umetuchoma. Jamleck akalala rumande.

Jepleting alianzia kwake. Alikuwa mwanaume nadhifu, shati limepigwa pasi vizuri hata baada ya usiku wa korokoroni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ijumaa ulipotoka ofisini na sanduku, ulisimama wapi?"

"Sikusimama, madam. Sheria ya kampuni ni moja. Sanduku likitoka, halisimami mpaka Gilgil."

"Hata kununua maji?"

"Hata maji."

"Na ukishaliacha huko?"

"Narudi."

"Moja kwa moja?"

Jamleck alijikuna shingo. "Moja kwa moja. Madam, tafadhali nisaidie. Mimi nina bibi na mtoto. Nikiandikwa kwamba nimechoma ofisi, ni nani ataniandika kazi tena?"

Jepleting alifunga daftari lake. Alikuwa ameona kule kujikuna.

Aliliomba lile sanduku, akalikalia peke yake kwenye meza ya ushahidi. Sanduku dogo la chuma, la kubebwa kwa mkono mmoja. Mbele lina komeo, na kwenye komeo mlikuwa mmepitishwa sili ya plastiki yenye nambari. Ripoti ya Kibii ilikuwa hapo pembeni, imechapwa vizuri, kurasa sita. Kibii alikuwa ameandika kwamba sili iliyokatwa Jumanne ni ile ile iliyofungwa Ijumaa, nambari ni ile ile, haijachezewa. Kwa hiyo sabuni iliwekwa kabla ya sanduku kufungwa, na mkosaji yuko ndani ya ofisi. Kurasa sita! Jepleting alizisoma zote akitafuta kosa, roho ikimuuma kwamba halioni.

Akaligeuza sanduku. Nyuma lilikuwa na bawaba mbili, kila moja imeshikwa na pini. Alijaribu kuisukuma ya kwanza kwa ncha ya kalamu, ikateleza ikatoka yenyewe, laini kabisa. Ya pili vile vile. Kifuniko kikafunguka kutokea nyuma, na komeo la mbele likabaki limefungwa kama kawaida.

"Haiya!" alisema kwa sauti.

Alinusa ile pini. Ilikuwa na mafuta ya njano, mazito, yenye harufu anayoijua tangu utotoni Kuresoi. Hayakuwa grisi ya gari wala mafuta ya cherehani. Yalikuwa mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke. Mtu alikuwa na kopo lile karibu, akayatumia kulegeza pini iliyokuwa ngumu.

Akachukua na sabuni. Ilikuwa imekatwa kwa kisu, na upande uliokatwa ulikuwa na mstari mmoja uliochomoza, kama kisu chenyewe kina pengo kwenye makali. Mwizi wa kazi, alifikiri, angeweka kanda tupu ili asijulikane upesi. Huyu ameweka sabuni. Kwa nini sabuni?

Kwenye kampuni, mtu wa kwanza aliyetajwa na kila mdomo alikuwa Zeddy. Kabla Jamleck hajaajiriwa, Zeddy ndiye aliyekuwa mwenye sanduku. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha gari la kampuni kila Ijumaa na kupokewa Gilgil kwa heshima. Sasa anashuhudia tu Jamleck akifunga sili, kisha anarudi kwenye kiti chake.

"Ulimwonea wivu?" Jepleting alimuuliza, wamesimama uani, harufu ya moshi bado iko kwenye kuta.

"Wivu?" Zeddy alicheka bila furaha. "Madam, nilimchukia kabisa. Wewe ungefanyiwa hivyo ungefurahi? Mtu anakuja, anapewa sanduku lako, anapewa gari lako, hata kikombe chako cha chai anakunywia! Kila Ijumaa nikimwona akitoka na hilo gari, nashindwa kula lunch."

Jepleting alimkumbuka Kibii na fremu yake, akamwelewa Zeddy zaidi ya alivyotaka kumwelewa.

"Basi ungependa aharibu kazi."

"Ningependa sana. Lakini siku hiyo aliziweka kanda mbele yangu. Niliziona kwa macho. Akafunga sili, nikasoma nambari, tukatoka pamoja mpaka kwa gari, na askari wa lango alikuwa hapo. Nikimchukia ni sawa, lakini siwezi kudanganya."

"Una ng'ombe nyumbani?"

"Mimi nakaa Kaptembwo, madam, chumba kimoja. Ng'ombe atalala wapi, juu ya kitanda?"

Kwa hiyo kanda zilitoka ofisini zikiwa ndani. Kurasa sita za Kibii zilikuwa zimekosea, na Jepleting aliingia kwenye gari akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ghala la Gilgil lilikuwa nyumba ya mawe ya shamba la zamani la mzungu, kuta nene, madirisha madogo. Aliyelisimamia aliitwa Sue, mwanamke wa makamo, sweta kubwa, miwani imening'inia kifuani. Alimkaribisha Jepleting kwa chai kisha akamwonyesha chumba cha kanda kama mtu anayeonyesha watoto wake waliolala.

"Usiguse ukuta, vumbi huku ni jeupe na linaingia kila mahali. Kanda haipendi vumbi. Haipendi joto, haipendi maji, na haitaki kulazwa kifudifudi, inasimamishwa hivi kama kitabu. Na spika ya redio sitaki kuiona humu, sumaku yake inafuta kila kitu."

"Masanduku huwa unafungua?"

"Kamwe! Mimi naangalia sili tu. Nambari ikiwa sawa, napokea, naweka. Sili si yangu kukata. Mimi hata sijui hizo kanda za Malisho ni rangi gani."

"Kwa nini Malisho huweka sanduku moja tu hapa? Wengine naona wana kumi."

Sue alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Nimewaambia mpaka nimechoka. Wao wana masanduku mawili tu. Hili likija, lile la wiki iliyopita linarudi Nakuru kuandikwa upya juu yake. Eti kanda ni ghali. Si sasa lile lingine limeungua na ofisi? Ndiyo hiyo shida ya kubana."

Jepleting alimtazama mikono. Ilikuwa misafi, kucha fupi. "Unafuga?"

"Ng'ombe? Mimi, mama mzima, naogopa hata mbuzi."

"Jamleck akifika huwa anakaa?"

"Hata chai yangu hajawahi kunywa. Anashika sanduku la kurudi, anaondoka. Mimi humtania, namwambia bibi yako anakulisha vizuri ndiyo maana unanidharau, kwa sababu huwa anafika hapa akinuka chapati na mchuzi. Ijumaa iliyopita alikuwa na doa la mchuzi hapa." Aligusa kola ya sweta yake.

Chapati na mchuzi! Mtu asiyesimama hata kununua maji.

"Kisha anarudi Nakuru?"

Sue alifikiri. "Sasa hiyo sijui. Akitoka lango langu hageuki kurudi. Anashika njia ya kuelekea Naivasha. Nilidhani pengine ana watu wake huko Mai Mahiu."

Jepleting aliliweka hilo moyoni. Halikuwa la kesi yake, lakini aliliweka.

Nyumba ya Jamleck ilikuwa Lanet, hapo hapo pembeni ya barabara anayoipita kila Ijumaa. Geti la mabati, ng'ombe wawili wa gredi wakitafuna majani ya Napier, na mwanamke mrefu akisuuza mitungi ya maziwa. Aliinua uso. Alikuwa mzuri wa sura, lakini alikuwa amelia mpaka uso umevimba.

"Mama Kimberly?" Jepleting aliita. Jina la mtoto alilisoma kwenye faili.

"Ndiyo mimi. Wangare. Umekuja juu ya Jamleck."

"Nimekuja juu ya sabuni."

Mtungi ulimponyoka Wangare, ukabingirika mpaka kwa miguu ya ng'ombe. Hakuuokota.

Kando ya bomba palikuwa na ndoo ya kuoshea viwele, kopo la mafuta ya njano, na kipande cha sabuni kilichobaki, kisu kikiwa juu yake. Jepleting alitoa kipande kimoja kutoka kwenye mfuko wa ushahidi, akakiweka kando ya kile cha pale bombani. Vilikutana. Mstari uliochomoza huku uliingia kwenye mfereji wa kule, na pengo la kisu lilikuwa pale pale linapotakiwa.

"Anakula lunch hapa kila Ijumaa," Jepleting alisema.

"Mimi ndiye niliyemlazimisha. Nilimwambia kama unapita kwa geti yangu, ingia ule, usiende huko ukiwa na njaa, wakulishe." Alilitamka hilo neno wakulishe kwa chuki. "Akiingia kunawa na kula, sanduku anaacha kwa veranda."

"Huko ni wapi?"

"Wewe unajua. Kwa huyo Sue."

Kisha yote yakatoka, na Jepleting hakuhitaji kuuliza zaidi. Tangu Jamleck apewe ile kazi, Ijumaa ilikuwa siku ya kupaka mafuta mazuri na kuvaa shati jipya. Kutoka Nakuru kwenda Gilgil kurudi ni safari fupi, mbona mtu arudi giza linaingia? Siku moja Wangare alimwachia jirani ng'ombe, akamfuata kwa pikipiki. Alimwona kwa macho yake: mwanamke wa sweta anapokea sanduku kwa mikono miwili, amelikumbatia, anacheka na mumewe. Hakungoja zaidi. Hasira ilimpanda, akamwambia mwenye boda amrudishe nyumbani.

"Kila wiki anampelekea sanduku limefungwa," alisema. "Kila wiki! Mimi tangu tuoane ameniletea nini kimefungwa? Hata mkate ananiletea ukiwa umefunguliwa, ameshakula kipande njiani."

"Ijumaa ukalifungua."

"Mbele lilikuwa limefungwa, nikafungulia nyuma. Baba yangu alikuwa fundi wa mageti, bawaba nazijua. Nikakuta kaseti mbili. Nikasema ehe, sasa wanajirekodi." Alijipangusa uso kwa leso. "Nikatoa. Nikaweka sabuni ili uzito uwe ule ule, na ili huyo malaya akifungua, ajue mwenye bwana amemwona na anamwambia ajioshe. Nikangoja. Jumamosi nikangoja, simu, matusi, kitu chochote. Kimya! Nikasema huyu mwanamke ana roho ngumu kiasi gani?"

Jepleting aliminya midomo asicheke, kisha hamu ya kucheka ikamwisha yenyewe, alipoutazama tena uso ule uliovimba kwa kulia.

"Mama Kimberly, nimetoka kwake sasa hivi. Hafungui. Kazi yake ni kuangalia sili tu. Hizo kaseti si za mapenzi. Ni maziwa. Maziwa ya kila mfugaji, hata yako wewe. Bwana yako yuko ndani kwa sababu wanadhani amechoma ofisi na kuzificha."

Wangare alimkazia macho. "Si aliniambia kwa simu ni makaratasi tu yameungua? Hakusema kaseti."

"Mengi hakusema. Je, alikwambia kwamba haruhusiwi kusimama hapa na sanduku?"

"Hakuniambia."

"Zi wapi?"

Sasa hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Wangare alikunja mikono kifuani. Jepleting aliona kwamba kesi nzima, na Jamleck, na wafugaji wa kutoka Bahati mpaka Molo, vyote vimesimama nyuma ya mikono ile miwili.

"Nitakuonyesha," Wangare alisema. "Lakini uniambie kwanza. Wewe umetoka kwa huyo Sue, umenusa chai yake. Ni yeye au si yeye?"

Ingekuwa rahisi kusema hakuna mtu, mama, ni mawazo yako. Jepleting alifungua mdomo kulisema hilo. Likakataa kutoka.

"Si yeye. Jamleck hakai hapo hata dakika ya kunywa chai. Akiacha sanduku anaenda zake."

"Anaenda wapi?"

"Anashika njia ya Naivasha. Zaidi ya hapo sijui."

Wangare alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. 

"Yaani nimemchukia mtu bure," alisema. "Angalau nilikuwa na sura ya kuchukia. Nilikuwa na sweta. Sasa hata hiyo umeninyang'anya."

Aliinuka, akaingia kwenye kibanda cha maziwa, akarudi na mtungi mmoja uliokaushwa vizuri na kufunikwa. Kanda zilikuwa ndani, zimesimamishwa, zimezungushiwa taulo safi. Hakuwa amezitupa kwa choo kwa sababu moja tu: alitaka kuzitazama. Alikuwa amezipeleka Kaptembwo kwa fundi wa video za zamani, na fundi akamwambia mama, hii haiingii kwa mashine yoyote ya duniani. Sue mwenyewe asingepata la kulalamikia kuhusu namna zilivyowekwa.

"Ngoja nibadilishe nguo," Wangare alisema. "Nakuja na wewe."

Alivaa rinda lake la kwendea harusi za watu, viatu virefu, na akajipaka mafuta mazuri. Ilikuwa Jumatano, lakini kujipamba kwa Ijumaa hakukuwa kwa Jamleck peke yake.

Kituoni, Kibii ndiye aliyeunganisha mashine ya kusomea kanda, iliyoazimwa kutoka kampuni nyingine. Vidole vyake vilikimbia. Baada ya muda mfupi majina yakaanza kushuka kwenye kioo, wafugaji na ng'ombe wao, mpaka maziwa ya Ijumaa asubuhi. Ngigi alishika kichwa kwa mikono miwili akamshukuru Mungu. Mkubwa alimpiga Kibii mgongoni.

"Kazi nzuri sana, Kibii!"

Jepleting alisimama mlangoni, amesikia kila neno, na wivu ukamrudia pale pale. Kibii, angalau, aliona haya. Alimtazama kwa pembeni, akaufunika ule mrundo wa kurasa zake sita kwa mkono.

Ngigi aliondoa mashtaka. Moto ulibaki kuwa wa waya, kama fundi alivyosema tangu mwanzo, na la Wangare alisema wataliongea kama familia ya wafugaji, asubuhi, kwa chai. Jepleting alichukua funguo, akashuka na Wangare mpaka rumande.

Jamleck alisikia habari njema kabla ya mlango kufunguliwa. Alikuwa ameshavaa viatu, anatabasamu, machozi yako karibu. Mlango ukafunguka. Akamwona mkewe kwenye rinda lile, mkono mmoja kiunoni.

"Mama Kimberly! Ni wewe umezileta? Mungu akubariki!"

"Nimezileta," Wangare alisema kwa upole kabisa. "Nina swali moja tu, Baba Kimberly. Ukitoka kwa Sue saa nane, na hata chai hunywi, huwa unalala mchana wapi?"

Tabasamu lilimtoka Jamleck polepole. Alimtazama mkewe, akautazama mlango uliokuwa wazi. Kisha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa rumande, akamgeukia Jepleting.

"Madam," alisema, "hiyo kesi yangu, kwani imeisha kabisa? Hakuna karatasi ingine ya kuandika? Siwezi kungoja hapa mpaka kesho?"

Jepleting aliusukuma mlango ukafunguka mpaka mwisho.

"Yangu imeisha," alisema. "Toka."